Bwana Harusi Ndani ya Televisheni

Buibui wangu wa kwanza nilimchagua kwa sababu ya glovu. Wa mwisho pia ni yeye huyohuyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru. Mjini Masasi kila lori lililofika lilishusha kitu ambacho hatujawahi kukiona: marobota ya mitumba, redio kaseti zenye taa zinazocheza, miwani ya jua ya kuvaa hata mawingu yakitanda. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na nadhani shule ilifurahi kuliko mimi. Nilikuwa namsaidia fundi redio mmoja karibu na stendi. Kazi yangu kubwa ilikuwa kushika tochi na kupuliza vumbi, lakini nikiulizwa nilisema niko kwenye mambo ya umeme.

Jioni nilikuwa kibandani kwenye video. Ndiko nilikomwona, ndani ya picha, tajiri mmoja wa Kizungu amekaa kwenye kiti cha ngozi, buibui mkubwa mwenye manyoya anamtembea mkononi, na yeye anakunywa kinywaji chake wala hana habari. Kibanda kizima kilipiga kelele. Mimi nilisogea mbele. Nilijisemea moyoni, yule ndiye mtu aliyefika.

Na wakati ule nilikuwa nahitaji sana kuonekana mtu aliyefika, kwa sababu nilikuwa nimeposa. Binti alikuwa wa kijiji kimoja ng'ambo ya Newala, njia ya kwenda Tandahimba. Alikuja Masasi kujifunza cherehani kwa dada yake, akaleta redio kwa fundi, nikashika tochi vibaya mpaka fundi akaungua kidole, basi tukafahamiana. Yeye alikuwa amekubali. Mama yake alikuwa bado.

Kwetu huku, tangu zamani, mwanamume akioa ndiye anayehama. Anakwenda kwa watu wa mke na mkeka wake, anaonyeshwa mahali, anajenga, analima mbele ya macho yao. Wakiona ni mvivu, anarudi alikotoka na mkeka uleule. Baba yangu mwenyewe alihamia Chiwata kwa watu wa mama kwa njia hiyo. Lakini mimi niliona hayo ni mambo ya watu wasioshika tochi.

"Mimi nitakupeleka Masasi," nilimwambia binti. "Chumba cha sementi, televisheni pale mezani, wewe umekaa kwenye kochi."

"Na mama akija kutusalimia?"

"Atakaribishwa."

"Atapita wapi, kama kochi limejaa chumba?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Kochi lenyewe sikuwa nalo, wala chumba, wala televisheni. Nilikuwa na picha nzima kichwani tu.

Mjomba wake, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akaleta ujumbe: mvua za kwanza zikinyesha nije kulima nao, wanitazame, kisha watasema neno. Neno lenyewe lilikuwa moja kati ya mawili, nipewe binti au nirudi stendi.

Nilikwenda Chiwata kuaga kwanza, na hapo ndipo nilipoamua kwamba siwezi kwenda ukweni mikono mitupu kama mkulima wa kawaida. Nitakwenda na buibui.

Kumpata si kazi. Chini ya mikorosho, pale panapofagiliwa kwa ajili ya kuokota korosho, mashimo yao yanaonekana wazi, mviringo kama mdomo wa kikombe, na pembeni yamezungushiwa utando mweupe kama ukosi wa shati. Nilichimba moja. Akatoka buibui mnene, rangi ya udongo, ametulia kama mama mwenye nyumba anayeuliza nani kamwaga maji. Akainua miguu ya mbele, akanifokea, na sauti yake ilikuwa kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Nikaangalia shimo lake nililolibomoa, lilikuwa refu, laini ndani, limetandikwa hariri mpaka chini. Roho iliniuma. Nilimwambia samahani, tena kwa sauti, nikajaribu kumrudishia udongo. Alinitazama nikiharibu zaidi, mwisho nikamwacha.

Jua lilikuwa linazama wakati narudi, ardhi bado ina unyevu wa mvua ya mchana, nikamwona wa pili. Huyu alikuwa njiani, katikati kabisa, anatembea. Mwembamba, mweusi mweusi, miguu mirefu, hana wasiwasi, mwendo wa mtu mwenye tiketi. Na mbele, kwenye vile vimikono viwili vinavyokaa karibu na mdomo, alikuwa na vitu viwili vya mviringo, kama amevaa glovu za ndondi.

Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Bondia! Yule mnene alikuwa mshamba wa shimoni, huyu alikuwa mtu wa dunia, msafiri, hana kwao, kama mimi. Nikamfunika kwa chupa kubwa ya pipi niliyoazima dukani, nikapitisha kipande cha boksi chini yake. Hakunifokea hata kidogo. Alijaribu tu kuendelea na safari yake, akagonga kioo, akageuka, akagonga tena.

Sasa nyumba. Kule Masasi fundi alikuwa na televisheni moja iliyoletwa na mfanyabiashara, imekufa, mwenyewe hakuirudia. Nikamwomba ganda lake.

"La nini?"

"La kufugia buibui."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Chukua," alisema. "Ila mtu akiuliza nani kaitengeneza, mimi hunijui."

Niseme ukweli, mpaka leo sijaona nyumba ya buibui iliyozidi ile. Niliitoa matumbo yote. Mbele niliweka kioo kilichotoka kwenye fremu kubwa ya picha, nikakibana kwa misumari midogo na gundi. Nyuma tayari kulikuwa na matundu ya kupitisha hewa, utadhani waliotengeneza televisheni walimfikiria buibui. Chini nikajaza udongo, nikaushindilia, nikatoboa shimo la kuanzia kwa mpini wa ufagio ili yeye amalizie mwenyewe. Nikaweka gome la mkorosho la kujifichia, na kizibo cha soda kikiwa na maji. Juu nikafunika kitambaa cheupe cha kufumwa, kama wenye televisheni wanavyofanya.

Kwenye basi la Newala niliipakata magotini. Abiria walinipisha. Mama mmoja alimwambia mwenzake, "Kuna watu wanapata wakwe." Sikumsahihisha. Nilikaa wima njia nzima, na ndani ya kitambaa nilisikia vidole vidogo vikigonga kioo, taratibu, bila kuchoka.

Kule ukweni habari ilifika kabla yangu. Mjomba mtu alinipokea vizuri, akaniweka barazani. Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba. Huko kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani ana kwa ana, ni heshima. Nilichuchumaa, nikageukia pembeni, nikatoa shikamoo. Marahaba ilikuja kutoka jikoni, imetumwa kwa kuku aliyekuwa anapita. Ndivyo alivyokuwa anafanya: akitaka nijue jambo, anamwambia kuku, na mimi nasikia.

Jioni uwanja ulijaa. Watu walileta vigoda. Wakubwa walikaa mbele.

"Inatumia betri?" aliuliza babu mmoja jirani.

"Haitumii kitu, babu."

"Haitumii kitu! Ndiyo hizi za siku hizi."

Nikasogeza taa ya chemli, nikainua kitambaa kama mtu wa mazingaombwe. Bondia wangu alikuwa amejibandika kwenye kioo, tumbo nje, miguu yote minane imetanuka.

Safu ya mbele ilihama na vigoda vyake. Mtu mmoja aliacha kandambili. Binti alifunika uso kwa kanga, na kwa jinsi mabega yalivyokuwa yanatikisika sikujua analia au anacheka. Babu jirani peke yake alibaki. Aliinama, akatazama kwa makini.

"Picha safi," alisema. "Ila ina stesheni moja."

Kutoka jikoni nikasikia sauti ya mama mkwe. "Kuku, umeona? Wenzetu wanaletewa kanga, wanaletewa sukari. Sisi tumeletewa mdudu."

Tangu siku ile aliacha kuku, akahamia kwa buibui. Nadhani alimwona anafaa zaidi, maana hakimbii. Televisheni ilikaa barazani, na kila akipita na mzigo wake alisimama, akaipa ubavu, akatoa taarifa.

"Wewe bwana wa kwenye kioo, hujambo? Huyo mwenzako leo nimemwona shambani. Sijui analima au anaikuna ardhi mgongo."

Mikono yangu wakati huo ilikuwa na malengelenge. Nilijifunza kujibu kwa njia hiyohiyo. "Bwana," nilimwambia buibui, "mwambie mama jembe ni zito kuliko tochi."

"Bwana, mwambie hata tochi nasikia ilimshinda."

Binti alikuwa amemweleza habari za kidole cha fundi.

Maji ndiyo yalinitia aibu zaidi. Kijijini kwao maji yalikuwa bondeni, unashuka mteremko mzima na kupanda na ndoo kichwani, na mvua zilikuwa bado hazijajaza mapipa. Mimi kila asubuhi nilikuwa namwaga maji ya jana ya kwenye kizibo ili nimwekee mapya. Mama mkwe alinikuta. Hakumwambia mtu kitu, si kuku, si buibui. Alisimama tu akitazama lile tone likizama mchangani. Kesho yake nilichukua ndoo nikashuka bondeni na wanawake. Walicheka njia nzima, kwenda na kurudi, na nusu ya maji yaliniishia mgongoni.

Lakini taabu kubwa ilikuwa buibui mwenyewe. Hakula. Nilimpa panzi, akamruka. Nilimpa mende mnono, mende akafanya urafiki naye. Kumbikumbi walipotoka niliiba kiasi kwenye ungo wa mama mkwe, alikokuwa anawaanika, nikawachagulia walio wazuri. Hakugusa. Nilimwekea hadi yai la kuchemsha, binti akaniuliza kama alete na chumvi. Shimo nililomtobolea hakuliingia hata mara moja. Kila jua likizama alianza safari, kona hii, kona ile, juu, chini, anagonga kioo kwa vidole. Alizidi kukonda. Mwisho alipunguza mwendo, akawa anakaa kona moja ya mbele, miguu ameanza kuikunja ndani.

Nilihangaika kama mwenye mgonjwa. Nilibadilisha udongo. Niligeuza televisheni itazame mashariki. Nilimwimbia.

"Wewe," binti aliniambia siku moja tukipalilia, "na mimi huko Masasi ndivyo utakavyoniweka?"

"Vipi?"

"Kwenye kioo. Na soda pembeni."

"Ile ni nyumba nzuri!"

"Nani kasema mbaya? Nzuri sana. Mwulize aliyemo."

Nikaendelea kupalilia, nikang'oa mche wa mbaazi. Jioni ile mjomba mtu alinishika bega. "Mkwe, kazi tumeiona. Watu wakimaliza kupanda, tutakaa tuseme neno." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. Mtu anayekubaliwa hawamwambii hivyo.

Siku waliyomaliza kupanda, mvua kubwa ilinyesha mchana. Wote tulikwama barazani. Mjomba alikuwa anasinzia, binti anashona ukosi. Mama mkwe alikaa mwisho kabisa, amenipa mgongo, anachambua kunde. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya televisheni. Buibui alikuwa amekunja miguu yote, amebaki kama kiganja kilichofumba. Nilimgusa kwa unyoya wa kuku. Mguu mmoja ukasogea, ukarudi.

Basi mimi nikalia. Mwanamume mzima, mposaji, siku ya neno langu, namlilia mdudu mbele ya ukoo. Nilijaribu kusingizia moshi, lakini hakuna aliyekuwa amewasha moto.

Mama mkwe aliacha kunde.

"Wewe bwana uliye kwenye kioo," alisema, bado amenipa mgongo, "pole. Umepatikana na mtu mwenye roho nzuri, na hiyo ndiyo iliyokuponza. Kakupa maji. Kakupa kumbikumbi wangu, anadhani sikuona. Kakuchimbia na shimo. Sasa wewe shimo la nini? Umeona wapi mwanamume ana shimo lake? Mwenye nyumba ni mke, yule mnene, anakaa kwake, hana safari. Nyinyi wembamba tunawaona kila mvua ikianza, mmeshavaa, mnakatiza njia mnatafuta mlango wa watu. Ulikuwa unakwenda kuoa, baba. Hivyo vimviringo vya mkononi ndiyo mahari yako, na yeye anadhani ni ngumi."

Mjomba alifumbua jicho moja. Binti aliacha sindano hewani.

Mimi nilibaki na unyoya wangu. Kama ningekuwa mtu wa Dar es Salaam ningesamehewa. Lakini mimi ni mzaliwa wa hukuhuku, nimekulia kwenye nyumba ambayo baba aliijenga kwa watu wa mama. Nimekutana na bwana harusi njiani, amevaa, ana haraka, nikamkamata na kumjengea nyumba ya peke yake. Tena nikaiwekea kitambaa. Halafu nikaipakata, nikaja nayo ukweni mimi mwenyewe, niwaonyeshe jinsi ninavyotaka kuishi.

Nikaweka unyoya chini. "Bwana," nilimwambia buibui, "muulize mama. Mtu akichelewa njiani kwa ujinga, bado anapokelewa?"

Mvua ilipiga bati. Kunde mbili tatu zikadondoka kwenye ungo.

"Bwana, mwambie huyo aliye nyuma yako, inategemea anavyobisha hodi."

Mvua ilipopungua tulitoka. Mama mkwe alitangulia, mbele kabisa, asigeuke. Binti alifuata. Mimi nilikuwa nyuma na televisheni mikononi. Chini ya mkorosho mkubwa wa mwisho wa shamba mama mkwe alinyoosha jembe lake kuelekea shimo moja lenye ukosi mweupe wa utando, umebeba matone ya mvua. Kisha akasogea kando, akatazama mashamba ya watu wengine.

Nilifungua mgongo wa televisheni, nikaiinamisha. Bondia alidondoka kwenye majani makavu, akalala pale. Nilidhani tumechelewa. Halafu mguu mmoja ukanyooka, ukagusa udongo wenye maji, kisha wa pili. Akainuka, dhaifu, anayumba kama mtu aliyetoka homa. Alitembea kidogo, akasimama, akatembea. Alipofika kwenye utando aliugusa kwa ncha za miguu ya mbele, akatulia. Kisha akaanza kugonga. Vidole vilevile, mdundo uleule niliousikia njia nzima kwenye basi.

"Anabisha hodi," binti alinong'ona.

Hakutoka mtu. Akagonga tena. Na kule ndani, gizani, miguu miwili minene ikajitokeza taratibu mlangoni.

"Mjomba anasema jike akiwa na njaa anawala madume," binti aliniambia sikioni.

"Kwa nini unaniambia sasa?"

"Nawe ujue unakoingia."

Nilifumba macho. Wengine wanasema nilifumba kwa adabu, lakini ilikuwa woga. Nilipofumbua pale mlangoni hapakuwa na mtu, na giza lilikuwa limeanza kushuka. Kesho yake asubuhi nilirudi kutazama. Sikukuta mguu wala glovu. Nimeamua kuihesabu hiyo kuwa habari njema.

Lakini jioni ile ya kumwachia, tukirudi nyumbani, mama mkwe alisimama njiani bila kugeuka. Buibui hakuwepo tena wa kusemeshwa, kuku walikuwa wamelala. Akafikiri.

"Televisheni," alisema, "umebaki mtupu. Mwambie anayekubeba pale penye kisiki cha mkorosho pakavu, nyumba haitaingia maji. Ajenge pale. Ila mlango autazamishe kwangu, nimwone akichelewa kuamka."

Binti alinipiga kiwiko. Mimi furaha ilinizidi, nikasahau kila kitu nilichofundishwa. "Asante sana mama!" nilipiga kelele, moja kwa moja, namtazama kisogo.

Mama mkwe alijifunika kanga kichwani akakimbia. Ule umri wake, na jembe, kwenye matope.

"Umeharibu," binti alisema, amejikunja kwa kicheko. "Umepewa sasa hivi tu, na umeshaharibu!"

Ilibidi mjomba aende kuniombea radhi. Alikwenda na sukari. Nyumba niliijenga penye kisiki, mlango unatazama kwake, na kweli ananiona.

Televisheni ilirudi barazani. Kioo kilikuja kuvunjika, na siku moja tetea mwekundu akaingia, akazunguka, akakalia mayai. Babu jirani alikuja kutazama, akatangaza kwamba stesheni ya pili imefunguliwa. Mama mkwe naye imemrahisishia kazi. Akitaka kunisema haimbidi kumfukuza kuku uwanja mzima. Anasimama kando ya televisheni, anaongea na aliyemo, na mimi nakaa na mke wangu kwenye mkeka, tunaangalia.